Mdogo wangu ameacha katuni yenye kurasa 26 kati ya 48. Nimalizie au niache?

Kaka_Mtu

Wakuu, habari zenu. Humu mimi ni msomaji tu. Sichori, siandiki, hata rula nikiishika mstari unapinda. Nimejitokeza leo kwa sababu ya mdogo wangu wa kike, aliyetutoka miezi saba iliyopita akiwa na miaka 20. Aliugua muda mfupi sana. Hilo niliache hapo.

Ameacha faili la kadibodi lenye kitabu cha katuni alichokitunga na kukichora mwenyewe kwa miaka miwili. Kinaitwa *Mwizi wa Kushoto*. Kijana mmoja mwembamba, mwizi asiyejua wizi, anaingia nyumba za watu usiku, anaacha redio, anaacha saa, anaacha pesa mezani, anaondoka na kiatu kimoja. Cha kushoto. Kesho yake anarudi nyumba ya jirani, hivyo hivyo. Ikifika ukurasa wa 12 mji mzima unachechemea. Kuna polisi mmoja mnene anamkimbiza mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi iliyotoboka kidole. Nikifika hapo bado nacheka, halafu nanyamaza.

Hesabu iko hivi. Alipanga kurasa 48. Ya 1 hadi ya 26 zimekamilika, zimepigwa wino, maneno yamo kwenye viputo. Ya 27 hadi 35 ni penseli, na viputo vingine ni vitupu. Ya 36 hadi 44 zimo kwenye daftari, kila ukurasa kauchora kwa ukubwa wa stempu, watu ni vijiti. Isipokuwa wa 41, huo kaupa karatasi nzima: rundo la viatu, kila kimoja kimewekewa alama ya X. Nadhani alikuwa anaufuta. Kuanzia 45 kuna namba tu, na mbele ya 48 kaandika: "miguu tu, hakuna maneno."

Tatizo ni kwamba hakuna anayejua kwa nini yule mwizi anaiba vya kushoto tu. Nilimuuliza mara mia. Jibu lake lilikuwa moja: "Kaka, subiri kitoke ununue."

Nyumbani sasa kila mtu ana mwisho wake. Baba anataka mwizi akamatwe, atubu, arudishe viatu vyote kwa wenyewe. Mama hajalifungua lile faili, na simlazimishi. Rafiki yake waliyekuwa wakichora pamoja tangu shule yuko tayari kumalizia, na mkono wake haupishani sana na wa marehemu. Ila ananiambia, "Kaka, wewe niambie kinachotokea, mimi nitachora." Na mimi sijui kinachotokea.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Na kama ni kumalizia, mtu anaanzia wapi?

---

Wino_Mzito

Pole sana ndugu yangu. Mungu amlaze mahali pema.

Mimi kazi yangu ni kupiga wino na kuandika maneno kwenye viputo, nimezifanyia kazi kurasa za watu wengi. Kabla hujafikiria mwisho, nakuomba kitu kimoja: mtu yeyote asiiguse ile penseli. Najua rafiki yake ana nia njema. Lakini akipitisha wino juu ya ukurasa wa 27, mkono wa mdogo wako kwenye ukurasa huo umefutika, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Skani kila karatasi, zilizokamilika na zisizokamilika, daftari lote mpaka majalada yake. Nukta 600 kwa inchi, na kwa rangi, hata kama kazi yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Watu wengi wanaskani kwa nyeusi tupu ili mistari itoke safi, halafu penseli hafifu yote inapotea, na mara nyingi ile penseli hafifu ndiyo mawazo yenyewe. Weka nakala sehemu tatu tofauti. Kisha kurasa za penseli zichapishwe upya kwenye karatasi nzuri kwa rangi ya samawati iliyofifia, na rafiki yake apige wino juu ya hizo. Akimaliza anaskani tena, ile samawati inaondolewa kwenye kompyuta, unabaki wino peke yake. Hivyo ndivyo sisi tunavyofanya hata kwa watu walio hai.

Kwenye vile viputo vitupu, pima ukubwa. Mchoraji anayejua kazi yake hachori kiputo bila kujua maneno mangapi yataingia. Kiputo kidogo kama kunde hakiwezi kuwa hotuba.

---

Msomaji wa Zamani

Pole kwa msiba. Mimi nitasema kinyume, na usinichukie. Kiache.

Hergé, mchoraji wa katuni za Tintin, alipofariki Machi 1983 alikuwa katikati ya hadithi mpya ya Tintin. Alishasema akiwa hai kwamba baada yake asitokee wa kuiendeleza. Mjane wake akaliheshimu hilo. Mwaka 1986 ikachapishwa kama ilivyo, michoro ya haraka haraka na maelezo pembeni. Tintin anaongozwa kwa bastola, na inaishia hapo. Mimi nimeisoma. Nilikasirika siku ya kwanza. Sasa hivi ndiyo ninayoirudia kuliko nyingine zote, kwa sababu unamwona mzee anafikiri, anafuta, anajaribu tena.

Chapisheni hizo 26, halafu penseli, halafu yale ya daftari yakuzwe kidogo yasomeke. Mwisho wa baba, mwisho wa rafiki, mwisho wa jirani, hizo zitakuwa hadithi zenu. Yake iliishia ilipoishia.

---

Bint_Penseli

Mzee hapo juu, Hergé alikuwa na miaka 75 na vitabu zaidi ya ishirini nyuma yake. Huyu binti alikuwa na kimoja. Si sawa hata kidogo.

Na Hergé alikataza. Je, marehemu alikataza? Kaka_Mtu hajasema hivyo. Tazama Berserk, katuni ya Kijapani. Kentaro Miura, mchoraji wake, alifariki Mei 2021, ana miaka 54, kazi ya zaidi ya miaka thelathini haijaisha. Ila alikuwa na rafiki wa tangu sekondari, Kouji Mori, naye mchoraji, ambaye alishawahi kusimuliwa hadithi yote mpaka mwisho. Juni 2022 ikaendelea, wasaidizi wa Miura wakichora na Mori akisimamia. Alichoahidi wasomaji ni kwamba ataandika yale tu aliyoambiwa, hataongeza ya kwake.

Kwa hiyo swali langu kwa Kaka_Mtu: nani aliambiwa nini? Rafiki yake, wanafunzi wenzake, ujumbe wa simu, sauti alizorekodi. Lazima kuna mtu alidokezwa.

---

Kaka_Mtu

Asanteni sana. Nimesoma yote mara mbili.

Bint_Penseli, hakukataza. Na hakumwambia mtu. Nimepitia simu yake kwa ruhusa ya wazazi, nimeuliza marafiki wanne. Wote walijibiwa kama mimi, wasubiri wanunue. Alikuwa msiri kwenye hili tu, mambo mengine yote alikuwa anaropoka.

Kuna jambo nimelifanya naona haya kulisema. Usiku mmoja niliingiza kurasa kumi kwenye programu ya akili mnemba nikaiambia inichoree wa 36 kwa mkono wake. Ikanitolea ndani ya dakika moja. Mistari ilifanana, nguo zilifanana, mwizi kasimama katikati ya chumba anatabasamu. Ila kuna kitu kilinikera mpaka nikaifunga kompyuta, na sikujua ni nini. Si tabasamu. Alikuwa kasimama pale mzima mzima, kichwa mpaka kwenye viatu, nikaona huyu siye.

---

Mchapaji_Msaidizi

Usione haya, wengi wamejaribu.

La haraka kuhusu sheria kwa sababu naona hakuna aliyeligusa. Kazi ya mtu haiwi ya kila mtu kwa kuwa amefariki. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki za watunzi, unaweka angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nchi nyingi zimekwenda mpaka 70. Haki hizo sasa ziko kwa warithi wake, kwa kawaida wazazi kama hakuwa na mume wala mtoto. Kwa hiyo anayesaini ni baba na mama, si wewe. Na yule rafiki andikianeni karatasi kabla hajachora hata ukurasa mmoja: nini chake, nini cha marehemu, jina lake litakaa wapi, pesa ikipatikana inagawanywaje. Najua inaonekana ni ukavu kuzungumza hivyo msibani. Nimeshuhudia watu waliolia pamoja makaburini wakaja kuacha kusalimiana kwa sababu ya jalada.

Lingine ni la kichapaji tu. Kitabu kikifungwa, ukurasa wa 1 unakaa kulia, kwa hiyo namba shufwa zote zinakaa kushoto. 48 uko kushoto. Na huwezi kuuona mpaka uifunue 47. Wachora katuni wanaojua kazi hulificha jambo kubwa nyuma ya karatasi namna hiyo. Kama mdogo wako alipanga "miguu tu" iwe hapo, hakuwa anamalizia nafasi. Hilo ndilo jibu lenyewe.

---

Wino_Mzito

Mchapaji kaniwahi. Na wewe Kaka_Mtu, hiyo sentensi yako ya mwisho imenikosesha usingizi. "Kichwa mpaka kwenye viatu."

Naomba ufanye kazi moja. Chukua zile kurasa 26, na zile tisa za penseli. Tafuta kila fremu aliyomo mwizi. Usisome hadithi, tazama mguu wake wa kushoto tu. Niambie unaonekana mara ngapi.

---

Kaka_Mtu

Imenichukua jioni mbili. Nimehesabu fremu 118 alizomo mwizi.

Mguu wa kulia upo kila mahali. Kiatu cheusi chenye bizimu kubwa upande wa nje, kakichora kwa bidii, mpaka mng'ao wa bizimu kauacha mweupe. Wa kushoto hauonekani hata mara moja. Mahali pengine kuna ndoo mbele yake. Mahali pengine paka kakaa juu yake. Akiruka ukuta, mguu wa kushoto uko upande wa pili wa ukuta. Akikimbia, umekatwa na ukingo wa fremu. Kwenye ukurasa wa 19 kiputo cha polisi, "SIMAMA HAPO," kimekaa juu ya ule mguu kabisa, na mimi nilikuwa nadhani kakosa pa kukiweka.

Halafu kuna ukurasa wa 9, fremu ya tatu. Hapo hakuna ndoo wala paka. Hapo pana bonge la wino mweupe, ule wa kufutia makosa, limekauka nene kama ukoko, na juu yake kachora kichaka kidogo kisicho na maana yoyote.

Nilipokiona kichaka kile mwili ulinisisimka, kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake mwaka juzi, namtazama anavyochora, nikamwambia, "We, hapa umekosea, umemchorea viatu viwili vya kulia." Nilisema kwa kujigamba kabisa, mimi nisiyejua kuchora, nimemkamata mchoraji. Yeye akautazama ukurasa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema, "Asante kaka," akachukua chupa ya wino mweupe, akafuta. Nikaenda zangu nimeridhika kwamba nimesaidia.

Nimewasha tochi ya simu nikaiweka nyuma ya karatasi. Chini ya ule weupe mstari bado upo. Bizimu mbili, zote zinatazama upande mmoja. Ncha ya kiatu cha mguu wa kushoto imepinda kwenda nje, kama mtu aliyevaa gizani.

Hakukosea. Ana viatu viwili vya kulia. Anatafuta cha kushoto.

---

Bint_Penseli

Nimepiga kelele hapa nilipo mpaka wamekuja kuniuliza kuna nini.

---

Msomaji wa Zamani

Narudisha maneno yangu. Si yote, lakini nayarudisha.

Ombi langu lililobaki ni hili: msieleze. Asije mtu akatia kiputo mwizi anasimulia utoto wake, alipewa viatu na nani, walimchekaje. Binti kaandika "hakuna maneno". Hata pale penye pengo, 45 hadi 47, mimi ningechapa fremu tupu na namba zake. Msomaji atavuka mwenyewe.

---

Wino_Mzito

Na ule wino mweupe usiukwangue. Utashawishika, najua. Chini yake wino mweusi utatoka pamoja nao, utabaki na karatasi yenye manyoya. Skani mara moja kawaida na mara moja taa ikiwa nyuma, basi. Kitabuni ukurasa wa 9 uchapwe na kichaka chake. Atakayeligundua agundue.

Uderzo, mchoraji wa katuni za Asterix, naye aliachwa katikati. Goscinny, mwenzake aliyekuwa akiandika hadithi, alifariki Novemba 1977, kitabu cha Asterix walichokuwa nacho mezani hakijaisha kuchorwa, ingawa maneno yalikuwepo. Uderzo akakimalizia, kikatoka 1979, na kwenye kurasa zilizobaki akachora mbingu yenye mawingu na mvua. Hadithi haikuguswa. Msiba wake aliuweka kwenye hali ya hewa. Mwambie rafiki wa mdogo wako kwamba nafasi ya kuomboleza ipo, ila ni ndogo kama hiyo.

---

Kaka_Mtu

Wakuu, samahani kwa kukaa kimya wiki tatu.

Kurasa zote zimeskaniwa. Rafiki yake ameanza wino kwenye nakala za samawati, yuko wa 30. Karatasi ya makubaliano imesainiwa, na jalada litakuwa na jina la marehemu kubwa, la rafiki yake dogo chini likiwa na neno "amemalizia". Viputo vitupu tumevipima kama mlivyosema. Vinne vimebaki vitupu, kwenye picha vinaonekana kama mwizi anahema tu, na imekaa vizuri kuliko tulivyotegemea. 36 hadi 44 zitakuzwa zikiwa na vijiti vyake hivyo hivyo. 45, 46 na 47 ni fremu tupu.

Ubishi uliobaki ulikuwa 48. Miguu tu, sawa, lakini imevaa nini? Rafiki yake alitaka viatu viwili vya kulia, msomaji ndipo ajue. Mimi nilitaka hivyo pia. Tulikuwa tumeshakubaliana.

Baba ndiye aliyetuvuruga. Yeye bado anadai viatu virudishwe kwa wenyewe, hajabadilika. Nikamwambia, mzee, rundo lile hapa kwenye daftari, ukurasa wa 41, havijapotea. Nikamweleza na zile X kama ninavyozielewa sasa: amejaribu, hakimkai, ameweka pembeni. Akavaa miwani. Akachukua kurasa tangu ya kwanza na kalamu, akaanza kuhesabu kila kiatu kilichoibwa, akiandika pembeni cha nani, kama mtunza ghala. Mama alikuja kusimama mlangoni. Baadaye akaja kukaa, akawa anamfunulia kurasa.

Vilivyoibwa ni 23. Kwenye rundo kuna 22. Wamehesabu mara tatu, mara ya mwisho kahesabu mama.